Joto la Kichuguu

Kwetu visiwani kenge hatajwi kwa wema. Akitajwa, ni kwa kumtupia mtu kijembe, au kutiwa katika msafara wa mamba apate kudharauliwa. Ilinibidi nivuke bahari, nipande gari-moshi hadi Mpanda, mwisho wa reli itokayo Tabora, ndipo nimjue kuwa ni mama mwenye akili ya nyumba.

Katika nchi ya Katavi, kenge wa majini hatagi popote. Mvua zinapolainisha udongo, hukipasua kichuguu chenye mchwa hai, akataga humo mayai yafikayo hata 60, kisha akaenda zake. Mchwa, kwa kuihofia nyumba yao, huliziba tundu. Ndani mna joto la karibu nyuzi 30 na unyevunyevu, usiku na mchana. Mayai hukaa humo miezi mingi, na watoto wakishaanguliwa hungoja mvua ilainishe ukuta ndipo watoke. Mama hakuwasha moto. Alijua pa kuuazima.

Kijana wa jirani yangu alimpata mtoto wa kenge kwa wafyatua matofali, ambao udongo wa kichuguu ndio waupendao. Akamtia katika sanduku la mbao. Ukaingia Juni. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa kipupwe, kwa mtu wa Unguja, ni adhabu. Kenge akazubaa, dagaa aliomeza wakamkaa tumboni, akawatapika.

Kijana akamtundikia taa. Nayo ilikuwa ya hizi za kisasa, zing'aazo bila joto, basi kenge akapata mwanga wa kusomea na baridi ile ile. Akaleta jiko la makaa. Mama yake akalitoa nje kabla moshi wake haujawadhuru wote, watu na mnyama.

Mzee mmoja mfyatua matofali ndiye aliyesema, "Mjukuu wangu, usimpike. Mpe jua, na umpe pa kulikimbia." Tofali la kuchoma likaanikwa juani kutwa, jioni likawekwa upande mmoja wa sanduku, upande wa pili ukaachwa na majani makavu. Kenge akilalia tofali, akishiba joto huhamia majanini. Asubuhi sanduku lilitolewa nje, bila kioo juu yake, maana kioo huzuia miale ambayo mifupa ya mtoto huihitaji. Baada ya siku chache akala, na chakula kikakaa.

Twasema kenge ana damu baridi. Usemi huo siupendi. Akishaota jua, damu yake haipitwi joto na yangu. Ila mimi moto wangu naununua kwa chakula, yeye huutafuta kwa miguu. Hata mamba wa mto Katuma, kiangazi kikiukausha, hujichimbia mapangoni kwenye kingo za udongo, wakilikimbia jua lile lile waliokuwa wakiliota. Kumfungia kiumbe wa namna hii penye joto la aina moja ni kumnyang'anya miguu.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na kijana alikuja kuelezwa hivyo. Hakubisha. Alipomkabidhi kwa afisa wa wanyamapori, aliomba tofali liende pamoja naye. Afisa akacheka, kisha akalipakia.