Onyo Litangulie Adhabu

Huku Marekani, ofisa wa FBI aweza kubisha hodi, akauliza maswali mawili matatu kwa upole, na jibu moja la uongo likawa kosa la jinai, ingawa aliyejibu hakuapishwa wala hakukamatwa. Kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya shirikisho kinamtia jela hadi miaka 5 anayedanganya kwa makusudi kuhusu jambo lenye uzito, na hadi 8 ikiwa uchunguzi ni wa ugaidi. Mwaka 1998, katika kesi ya Brogan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata "hapana" tupu ya mtu anayejikinga ni kosa. Robel Phillipos, kijana wa asili ya Ethiopia, hakushtakiwa kwa kushiriki shambulio la mabomu la Boston la 2013. Mwaka 2015 alihukumiwa miaka 3 kwa kuwadanganya wapelelezi wa shambulio hilo.

Kwa aliyelelewa Majoreni, pwani ya kusini ya Kenya, ambako kumsitiri ndugu ni sehemu ya utu, hatari hiyo ni kubwa. Kenya nayo haivumilii uongo. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamtaka aliyeitwa kituoni ajibu kwa ukweli. Lakini wito wenyewe uwe wa maandishi, na swali linaloweza kumtia mwenyewe hatiani halazimiki kulijibu. Akikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inataka aelezwe haki yake ya kunyamaza kwa lugha anayoifahamu. Kama ni Kidigo, basi iwe Kidigo. Barua ya wito humjulisha mtu uzito wa jambo kabla hajafungua kinywa. Mazungumzo ya mlangoni hayamjulishi, na Marekani onyo la haki ya kunyamaza ni lazima kwa aliye kizuizini tu.

Wapo watakaosema kwamba onyo la lazima kabla ya maswali litawafunga watu midomo na wahalifu watapona. Hofu hiyo ina msingi, ila kimya hakimpotezi mpelelezi njia. Uongo ndio unaompoteza. Kama lengo ni kulinda uchunguzi, basi onyo linalomgeuza mwongo kuwa mnyamavu linautumikia uchunguzi huohuo. Wengine watajibu kwamba Kenya wito wa maandishi mara nyingi hubaki kwenye vitabu. Hiyo ni sababu ya kuudai, si ya kuuacha. Basi tulio huku tunyamaze na tuombe wakili, na walio nyumbani, kuanzia Vanga hadi Msambweni, wafundishwe kifungu cha 52 kwenye baraza za chifu. Dola isiyomwonya mtu haina haki ya kumfunga kwa neno lililomtoka kwa hofu.