Barua kutoka Darmstadt

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila baridi ya Ujerumani inanichapa kwelikweli. Leo asubuhi nimepanda tramu hadi Kranichstein, mtaa wa pembezoni mwa Darmstadt, kuziona nyumba nilizokusimulia: nne, zimeshikana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa 1990 na kuhamiwa 1991. Ndizo Passivhaus za kwanza duniani, yaani nyumba zinazohitaji nishati kidogo mno ya kupasha joto, na mwanafizikia Wolfgang Feist, mmoja wa waasisi wa wazo hilo, alihamia humo na familia yake. Ukipita barabarani huzitambui.

Wewe mchora ramani, kilichonifanya nikuandikie ni hesabu ya nyumba hizi. Taasisi aliyoianzisha Feist mjini humu 1996 ilitoa programu ya kompyuta ya kuzihesabia, PHPP, mwaka 1998. Usiogope jina, ni majedwali ya Excel. Unajaza eneo la kila ukuta na unene wa kihami joto chake, kila dirisha na upande linakotazama, kivuli cha jirani, hali ya hewa mwezi kwa mwezi. Hata joto la miili ya wakazi linahesabiwa. Kabla msingi haujachimbwa, unajua nyumba itakula nishati kiasi gani.

Kikomo cha Passivhaus cha kupasha joto ni kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Nyumba ya mita za mraba 100 ni kilowati-saa 1,500, sawa na lita 150 hivi za mafuta. Pipa halijai, na baridi yote hii!

Nyumba ikiisha, inapimwa. Feni hufungwa mlangoni, na kwa tofauti ya shinikizo la paskali 50, hewa inayovuja kwa saa haitakiwi kuzidi 0.6 ya ujazo wa nyumba. Ufa hauna pa kujificha.

Najua utasema kwetu shida ni joto. Majedwali hayohayo yanakokotoa kivuli na upoozaji. Sisi tunajenga kwanza, tunaungua tukishahamia, ndipo tunanunua kiyoyozi na kulipa umeme miaka yote. Tafadhali, kabla hujamkabidhi mteja ramani nyingine, hesabu jua la jioni litakaloingia kwa madirisha ya magharibi. Dirisha huhamishwa kwa kifutio likiwa bado kwenye karatasi.

Wasalimie wote nyumbani.

Kaka yako