Mume wangu alipoomba uraia wa Kenya

Watu wengi hudhani kwamba mgeni akioa au akiolewa na Mkenya, basi kesho yake naye ni Mkenya. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi, sokoni, kanisani na hata ndani ya matatu: "Kwani mzee wako bado ni Mtanzania? Si mlifunga ndoa?" Mimi hucheka tu, maana jibu lake ni refu kuliko safari ya kutoka Umoja hadi katikati ya jiji wakati wa msongamano wa magari.

Mume wangu ni mwenyeji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tulioana mwaka wa 2012, naye hakuwa raia wa Kenya hadi mwaka wa 2022. Kwa miaka 10 tuliishi nyumba moja, tukalea watoto wawili na kusaidiana kulipa kodi ya nyumba na karo, ilhali serikali ilimhesabu kuwa mgeni. Hata kijiploti tulichonunua kwa jasho letu wawili kiliandikwa jina langu peke yangu, kwa sababu Katiba, katika kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Baba Neema alikuwa akitania, "Mama Neema, siku ukinifukuza nitaondoka na begi langu la vyuma vya kazi." Yeye ni fundi wa umeme. Ilikuwa mzaha, lakini mzaha wenye ukweli ndani yake.

Kabla sijaeleza tuliyoyapitia, ni vyema msomaji afahamu sheria hii ilikotoka, hasa wewe dada ambaye bado uko chuoni na mchumba wako ni kijana wa kutoka Kampala, Bujumbura au Arusha.

Chini ya katiba ya zamani, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuandikishwa kuwa raia pindi alipoomba. Lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti wa Kenya hakuwa na haki kama hiyo. Shangazi yangu mmoja aliolewa na Mganda katika miaka ya 1980. Mumewe alikuwa mwalimu, naye aliishi hapa kwa kibali cha kufanya kazi. Kazi ilipokwisha, kibali nacho kilikwisha, ikambidi arudi kwao. Shangazi alibaki na watoto watatu akingojea barua. Katika miaka hiyo hiyo, jirani yao mwanamume alioa mke kutoka ng'ambo, na mama huyo akawa raia. Shangazi alikuwa Mkenya sawa na jirani yake. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa mwanamke.

Mambo yalibadilika tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipoanza kutumika. Kifungu cha 15 kinasema kwamba mtu yeyote aliyekuwa katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Kifungu hicho hakibagui kati ya mume na mke. Kifungu cha 14 nacho kinasema kuwa mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, hata kama mtoto huyo alizaliwa nje ya nchi. Ndiyo sababu watoto wetu hawakuwa na tatizo lolote. Katika nyumba yetu, mgeni alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akitengeneza taa zikizimika.

Hata hivyo, miaka 7 peke yake haitoshi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 inataka ndoa iwe ilifungwa kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria za Kenya, isiwe ilifungwa kwa nia ya kujipatia uraia, na wawili hao wawe wanaishi pamoja. Masharti haya ndiyo yanayowafanya maafisa wawaite watu kwa mahojiano.

Tulipeleka maombi mwaka wa 2019, miaka 7 ilipotimia. Mezani mwetu palijaa stakabadhi: cheti cha ndoa, pasipoti yake, kitambulisho changu, kitambulisho chake cha mgeni, vibali vyake vyote vya miaka iliyopita, hati ya polisi ya mwenendo mwema, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na picha ndogo za pasipoti. Wako waliotucheka. Walikuwa wamemsikia Rais Uhuru Kenyatta siku aliyoapishwa, tarehe 28 Novemba 2017, akitangaza kwamba watu wa Afrika Mashariki wanaweza kufanya kazi, kufanya biashara, kumiliki mali na hata kuoa na kuishi Kenya wakiwa na vitambulisho vyao. "Sasa mnahangaikia nini?" wakauliza. Lakini kuruhusiwa kuishi mahali si sawa na kuwa raia. Aliyeruhusiwa kuishi hapa hapigi kura.

Mwaka wa 2020 ukaja na korona, mambo mengi yakasimama, nasi tukangoja. Tuliitwa mwaka wa 2021.

Usiku wa kuamkia mahojiano hatukulala vyema. Tulikuwa tumesikia mengi, kwamba utaulizwa rangi ya mswaki wa mumeo na upande wa kitanda anaolala. Mimi nikaanza kumtahini mume wangu majina ya ndugu zangu wote 7, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Akakosea mawili. Tukacheka, kisha tukaogopa.

Tuliingia kwanza pamoja, baadaye tukahojiwa mmoja mmoja. Afisa aliyenihoji alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti lakini asiyepitwa na neno. Hakuuliza habari za mswaki. Aliuliza tulikutana wapi, nani hulipa karo, mtoto wetu mdogo alilazwa hospitali mwaka gani, nani alilala naye wodini, mama mkwe wangu anaitwa nani na mara ya mwisho nilimwona lini. Nilipotoka nje nilitambua kwamba yale yote niliyokariri usiku hayakuhitajika. Aliyeishi katika ndoa hawezi kusahau usiku wa homa ya mtoto.

Kusema kweli, sikukasirishwa na maswali hayo. Wapo watu wanaofunga ndoa ya karatasi, mmoja akilipwa fedha na mwingine akipata stakabadhi, halafu kila mtu anashika njia yake. Hao ndio wanaofanya ndoa za wengine zitiliwe shaka.

Mume wangu, kwa upande wake, aliulizwa kuhusu kaunti, bendera na Wimbo wa Taifa. Yote aliyajibu kwa kile Kiswahili chake cha Moshi: "Samahani, naomba nirudie kidogo." Aliniambia afisa alitabasamu na kumwambia kwamba Kiswahili kama hicho watoto wetu hukisikia katika mtihani tu. Kisha akamwuliza swali lililomrudisha nyumbani akiwa kimya: "Je, unafahamu kwamba ukiwa raia wa Kenya, kwenu utapoteza uraia?"

Alifahamu. Sote tulifahamu. Lakini kufahamu jambo ukiwa nyumbani ni tofauti na kuulizwa na mtu aliyeshika kalamu.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 16, inamruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi mbili. Uganda na Rwanda pia zinaruhusu. Tanzania hairuhusu. Kwa sheria yake ya uraia ya mwaka wa 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anakoma kuwa Mtanzania. Kwa hiyo kile ambacho kwa Mganda ni kuongeza, kwa mume wangu kilikuwa kubadilisha.

Na hapa ndipo palipokuwa na uzito. Wachaga wana kitu kinachoitwa kihamba, yaani shamba la ukoo, penye migomba, kahawa, nyumba ya wazazi na makaburi ya waliotangulia. Kwa mila yao, kitinda mimba wa kiume ndiye hurithi boma la wazazi. Mume wangu ni kitinda mimba. Baba yake alikuwa ameshafariki, na kila mtu kijijini alijua ni nani atakayekishika kihamba hicho mama atakapofumba macho. Lakini wakati huo Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka wa 1999 haikumpa ardhi asiye raia, isipokuwa kwa shughuli za uwekezaji. Mtu hawezi kuwa mwekezaji katika kaburi la babake.

Kwa wiki kadhaa hatukulizungumza. Nilimwona akikaa kibarazani jioni akiitazama simu bila kuibonyeza. Moyoni nilijiuliza ikiwa nina haki ya kumwomba mtu aache kwao kwa ajili ya kwangu. Wanawake wa nchi hii walipigania kwa miaka mingi haki ya kuwaandikisha waume zao, kama vile waume walivyowaandikisha wake zao. Haki hiyo sasa nilikuwa nayo mkononi, na ilikuwa nzito. Nikawakumbuka wale wanawake wa kigeni walioandikishwa zamani, wakati Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Nao waliacha kwao. Sidhani kama kuna aliyewauliza waliacha nini.

Hatimaye nilimwambia: "Baba Neema, kama hutaki, tutaendelea na vibali. Tumeishi hivyo miaka yote hii." Akajibu, "Hili si la kuamua mimi na wewe tu. Twende kwa mama."

Tulisafiri wakati wa Krismasi, msimu ambao Wachaga wote hurudi nyumbani. Kikao kilifanyika chini ya migomba, ndugu wote wakiwepo. Kaka zake walinyamaza. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, watoto wako wako wapi?" Akajibu kwamba wako Nairobi. "Basi na wewe uko huko. Mimi nilijua tangu siku uliyooa. Nilikuwa nangoja tu uje uniambie mwenyewe."

Likabaki suala la kihamba. Mama akamtaja wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye hakuolewa na ndiye amekuwa akimtunza kwa miaka yote. Mzee mmoja wa ukoo alipinga, akisema kihamba hakishikwi na binti. Wifi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba sheria ile ile ya ardhi ya mwaka wa 1999 imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mama akasema ametaja jina mara moja na hatarudia. Jambo likaisha, ingawa mzee yule alikunywa mbege yake bila kutusemesha hadi jioni.

Mume wangu alikula kiapo mwaka wa 2022. Alivaa suti ya harusi yetu, ambayo ilikuwa imembana kidogo. Baadaye alipata kitambulisho cha Kenya, akajiandikisha kuwa mpiga kura, na jina lake likaongezwa kwenye hati ya kile kijiploti. Hakuna tena safari za kufuatilia vibali.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba yote yalikuwa vigelegele. Mara ya kwanza tuliposafiri tena kwenda Moshi, tulipofika mpakani Namanga, mimi na yeye tulipanga foleni moja, pasipoti zetu zikiwa za rangi moja. Kijana wa upande wa Tanzania akamwuliza kwa adabu anakwenda kutembelea nani. Akasema, "Mama yangu." Akagongewa muhuri wa mgeni. Kutoka hapo hadi Arusha hakusema neno, nami sikumsemesha.

Kwa wale ambao wako katika njia hii, nina machache ya kuwaambia. Hifadhini kila stakabadhi tangu siku ya harusi, kwani miaka 7 ni mingi na karatasi hupotea. Msiwape madalali fedha wala habari za uongo, kwa kuwa kifungu cha 17 cha Katiba kinaruhusu uraia wa kuandikishwa kufutwa ikigunduliwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la maana. Msiogope mahojiano ikiwa ndoa yenu ni ya kweli. Na mjue kwamba uraia huo haupotei kwa sababu ndoa imevunjika. Kifungu cha 13 kinasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo asiwepo mke au mume wa kumtisha mwenzake kwamba atamnyang'anya.

Zaidi ya yote, ulizeni mapema sheria ya nchi ya mwenzenu inasemaje. Ikiwa atalazimika kuacha uraia wake, msingoje afisa awe wa kwanza kumwuliza kama yuko tayari. Mwulizeni ninyi, tena mbele ya mama yake, na mkubali jibu lolote atakalotoa.