Sauti ya Dakika Nne

Ilikuwa sauti ya mwanamume, dakika nne na sekunde chache, akiongea taratibu kama mtu anayekuonya kwa sababu anakupenda. Hakutaja jina. Alisema ana ndugu anayefanya kazi "kulekule kwao", na kwamba hizo chanjo za korona zinazopigiwa mbiu zimetengenezwa kwa ajili yetu, wao wana zao. Ilikuwa Februari 2021, nami nilikuwa kwenye daladala la Mbagala, nimebanwa dirishani. Niliisikiliza mara moja tu, nikaipeleka kwenye kundi la ukoo wetu, na chini yake nikaandika: "Tuwe makini, ndugu zangu." Kisha nikashuka, nikanunua ndizi, nikasahau.

Nimefundisha hisabati miaka mingi sasa. Kila kidato cha kwanza kinapoingia nawaambia watoto kwamba jibu lisiloonyesha njia halipati alama kwangu, hata likiwa sahihi. Siku ile kwenye daladala sikuuliza njia. Nikitafuta kwa nini, narudi kwenye hali ya miezi ile, ingawa najua hali haimwandikii mtu ujumbe. Wiki mbili kabla tulikuwa tumemzika mwalimu mwenzetu, na makaburini kila mtu alisema marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji", tukatazamana, tukatazama chini. Takwimu za ugonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na nambari hizo zikabaki palepale mwaka mzima kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Mwishoni mwa Januari, akiwa Chato, Rais Magufuli alikuwa ametilia shaka chanjo hadharani. Nyumbani tulipiga nyungu kila jioni, mchaichai na majani ya mkaratusi, tukitoka chini ya blanketi tumelowa na macho mekundu. Sidhani kama niliiamini ile sauti. Nilichotaka ni kuwa na kitu cha kuwapa watu wangu, na hicho ndicho kilichokuwa mkononi.

Rais alifariki Machi 17. Julai 24 zikaja dozi 1,058,400 za Janssen, nikapiga hesabu ubaoni kwenye ofisi ya walimu: tulikuwa nchi ya watu karibu milioni 60, kwa hiyo dozi moja kwa kila watu 57 hivi. Tarehe 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Wiki chache baadaye nami nikachanjwa. Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba nilisoma, nikalinganisha, nikaamua. Kusoma nilisoma kweli. Lakini asubuhi ile niliondoka nyumbani bila nia yoyote ya kuchanja. Mkuu wetu wa shule, mama ninayemheshimu kuliko anavyojua, alikuwa anakwenda na walimu watatu, akanichungulia dirishani akasema, "Mwalimu, kuna nafasi moja kwenye gari." Nikapanda. Zile sababu nilizokuja kuzisema kwa ufasaha nilizikusanya njiani wakati wa kurudi, bega likianza kuuma.

Usiku huo nilitetemeka kwa homa hadi mke wangu akaniongezea blanketi la pili. Kesho yake jioni nilikuwa mzima. Hilo sikumwambia mtu.

Septemba nilikwenda Muheza kumsalimia shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ana umri ambao ugonjwa ule ulikuwa ukiutafuta, na ana presha. Nilikwenda na bunda la karatasi nilizochapisha, tena nimepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukakaa chini ya mchungwa wake, na kabla hata uji haujaletwa nikaanza. Nikamweleza uwezekano, asilimia, nikamchorea duara mchangani. Alisikiliza kwa adabu inayotolewa kwa wageni.

"Wewe imekufanya nini?" akauliza.

"Sikusikia chochote, Shangazi. Kama kuumwa na mbu."

"Dawa gani hiyo isiyosikika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kwa nini watu wanasainishwa fomu kabla ya kudungwa, kwani yeye kitu chema hajawahi kukisainia. Nikamwambia hata upasuaji watu husaini. Akasema ndiyo, na wengine hawatoki. Kisha akakunja mkono wa gauni akanionyesha kovu la chanjo ya ndui, duara dogo lililofifia, akasema alipokuwa msichana walipangwa mstari wakachanjwa wote bila kuulizwa, na kabla ya hapo bibi yake alikuwa amekwisha kumchanja chale kifuani dhidi ya degedege. "Kuchanjwa sikuogopi," akasema. "Mimi ni wa kuchanjwa tangu utoto."

Neno hilo lilinikaa baadaye kuliko takwimu zangu zote. Nimelitamka neno chanjo maisha yangu yote bila kusikia kwamba ndani yake mna wembe wa mganga na majivu ya mizizi, kwamba lugha yetu ilikuwa na mahali pa jambo hili kabla ya sindano kufika. Mimi nilikuwa namletea habari ngeni mtu aliyezaliwa ndani ya neno lenyewe. Lakini siku ile nilisikia ukaidi tu, nikapandisha sauti. Nikamuuliza basi anaogopa nini, nani amemjaza maneno.

Akanitazama kwa muda. "Si wewe, baba? Ile sauti. Mjukuu wangu alinifungulia hapa hapa, akasema imetumwa na Mwalimu."

Kuku walikuwa wanaparua penye duara langu. Nilitaka kusema kwamba ule ulikuwa wakati mwingine, kwamba kila mtu alikuwa anatuma, kwamba hata wakubwa wa nchi walikuwa wamesema. Nilisema baadhi ya hayo. Akaniuliza, bila ubaya wowote, mwalimu wa Februari na mwalimu wa Septemba, yeye amsikilize yupi. Na serikali nayo, ile ya Januari au hii ya Julai? Kumbe mwanamke niliyemdhania hana hoja alikuwa ameshughulika na swali gumu kuliko langu. Mimi nilimuuliza kama chanjo ni salama. Yeye alikuwa anajiuliza amwamini nani, na miongoni mwa aliowaamini mimi nilikuwa wa karibu zaidi, nami ndiye niliyeharibu.

Tena ile sauti haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo uchungu wake. Aprili 2020 daktari mmoja wa Ufaransa na mtafiti mwenzake walizungumza kwenye televisheni ya kwao juu ya kuijaribu chanjo ya kifua kikuu barani Afrika dhidi ya korona, wakazua ghadhabu, na Tedros wa Shirika la Afya Duniani akayalaani matamshi hayo kuwa ya kibaguzi. Mwenye sauti alichukua mbegu hiyo ya kweli akaioteshea msitu. Ningemwambia shangazi "ni uzushi tu" ningekuwa nimemdanganya mara ya pili. Au ya tatu, nikihesabu na ile homa.

Siku hizi humfikiria mara kwa mara Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, chanjo ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwake, na alikuja kukiri mwenyewe kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona. Miaka mingi baadaye, polio ilipoisumbua nchi yake, aliingia katika kampeni ya chanjo, na wazazi waliokataa alikuwa akiwasimulia habari yake mwenyewe. Alifariki 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Ningeijua habari yake mapema nadhani ningeitumia vibaya, ningemfanya mfano wa ujinga. Sasa kinachonishangaza ni kwamba karatasi zangu zote hazikuwa na kitu alichokuwa nacho yeye, yaani kosa lililosemwa na mwenye nalo.

Mwanzoni mwa 2022 binamu yangu akanipigia kunieleza kwamba shangazi amechanja. Nilifurahi, kisha nikajikuta natafuta sehemu yangu katika habari hiyo. Nilipokwenda nilimuuliza ilikuwaje. Akasema alikuja binti wa zahanati, yule anayempima presha, akakaa, akamsaidia kupukuchua mahindi. Shangazi akamuuliza kama yeye mwenyewe amechanja. Binti akasema amechanja, na siku ya pili alilala na homa hata maji akashindwa kuteka. "Huyo nikajua hauzi kitu," akasema shangazi.

Nilibeba jibu hilo kama mtu aliyeokota ufunguo. Lakini safari iliyofuata, mbele ya wageni wengine, alisema alichanja kwa sababu walimfuata mpaka mchungwani pake, na kuwarudisha watu waliotembea juani ingekuwa utovu wa adabu. Zamani kituo kilikuwa mbali, na bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya siku tatu. Nilistuka. Katika karatasi zangu zote za Septemba hapakuwa na nauli. Na mara nyingine alisema tu alichoka kubishana. Nimeacha kumuuliza ipi ni ya kweli, maana hata mimi nikiulizwa nina ile ya kusoma na ile ya gari, na kuna siku huwa na ya tatu, ya mwenzetu tuliyemzika, na zote zilikuwepo asubuhi moja.

Ile sauti bado ipo kwenye kundi la ukoo. Nimeitafuta, ipo, na maneno yangu chini yake. Mara mbili nimeandika maelezo ya kuomba radhi, nikayafuta. Najiambia hakuna anayekumbuka.

Mwezi uliopita nilikuwa tena chini ya mchungwa. Jirani mmoja, mama kijana, akaja na simu yake. Shuleni wameleta habari ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, na binti yake ana miaka kumi. Amepokea sauti inayosema inafunga uzazi. "Mwalimu, hebu isikilize hii."

Nikaisikiliza yote. Ya dakika tatu, ya mwanamke safari hii, mpole vilevile. Nikahisi asilimia zinanipanda kooni. Nikamuuliza kwanza ameipata kwa nani. Akasema kwa dada yake. Nikamuuliza kinachomtisha hasa ni nini, akaeleza kwa kirefu habari ya mama yake mdogo aliyeachwa kwa kukosa mtoto, jambo ambalo nisingelidhania. Shangazi alikuwa anamenya chungwa, ganda likishuka utepe mmoja bila kukatika. Kisha yule mama akanigeukia.

"Na wewe, Mwalimu, si una binti? Wako ameshachanjwa?"

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Fomu ya shule iko mezani nyumbani, chini ya madaftari, wiki ya pili sasa.

"Bado," nikasema.

Shangazi akagawa chungwa vipande vitatu, akanipa changu.