Homa Ina Siku Ngapi?

Mwanangu alikuwa na miaka miwili na nusu homa ilipomshika. Siku ya kwanza nilimpa dawa ya maji, nikamkanda kwa kitambaa. Siku ya pili tukapima malaria, hana. Siku ya tatu vipele vikamtoka mwili mzima, macho yakawa mekundu bila tongotongo, na kila aliyekuja kumjulia hali akasema ni surua. Lakini chanjo zote mbili za surua alishapata. Tukapewa antibiotiki. Homa ikabaki palepale.

Siku ya sita midomo ilipasuka ikitoa damu, ulimi ukawa na vichembe vyekundu kama fursadi, viganja na nyayo zikavimba. Ukimbeba analia, ukimlaza analia. Tukapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Daktari alimpapasa tezi ya shingoni, akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimeulizwa na yeyote: "Mama, homa ina siku ngapi mfululizo?" Nilipojibu, akasema anashuku ugonjwa wa Kawasaki. Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani, alimwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961, na mwaka 1967 akaandika habari za watoto 50. Katika ugonjwa huu mishipa ya damu huvimba, hasa ile inayolisha moyo. Watoto wasipotibiwa, karibu mmoja kati ya wanne mishipa yake hiyo hutanuka.

"Nani kamwambukiza?" Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu mtoto wa jirani aliyekuwa na mafua.

"Usimlaumu mtu, mama. Tunadhani kuna kimelea, pengine kirusi, kinachoiamsha kinga ya mwili, kisha kinga hiyo inaishambulia mishipa ya mtoto mwenyewe. Japani ugonjwa huu ulilipuka mwaka 1979, 1982 na 1986, kama magonjwa ya kuambukiza yanavyolipuka. Mwaka 2020 tuliona watoto wakipata maradhi yanayofanana nao baada ya korona. Ila kimelea chenyewe hakijajulikana, na mtoto hamwambukizi mwenzake."

Dawa ni immunoglobulini ya mshipani, na inafaa aipate kabla siku kumi hazijapita. Bei yake ilitutoa machozi. Kaka yangu aliuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha. Dripu ilidondoka taratibu kwa saa kumi na mbili, nami nikihesabu matone na kumwomba Mungu. Alfajiri nikagusa paji la uso, limelowa jasho, limepoa. Akaomba uji.

Baadaye ngozi ya ncha za vidole ilibanduka. Kipimo cha moyo kilionyesha mshipa mmoja umetanuka kidogo. Daktari akamwanzishia aspirini na kumfuatilia kwa miezi, hadi mshipa ukarudi sawa. Alhamdulillahi, leo yuko darasa la pili.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa jirani kumwomba radhi kwa yale niliyoyawaza. Na sasa mtu akinigongea mlango usiku, mtoto mgongoni anachemka, kabla hata ya kumkaribisha kiti namuuliza: homa ina siku ngapi?