Siku Sita Siyu

Mama alipomaliza eda ya marehemu baba, tulikubaliana kumtoa Matongo, kwenye vumbi la malori na mitikisiko ya baruti, akapumzike. Wengi walitushauri Zanzibar. Sisi tukavuka mpaka wa Sirari, tukateremka hadi Lamu nchini Kenya, na kutoka hapo kwa mashua hadi Siyu, kisiwani Pate.

Hoteli hatukuiona, tulipangishiwa vyumba viwili katika nyumba ya familia. Mashua huingia mjini kwa hori la mikoko, maji yakijaa tu. Yakipwa, msafiri hana budi kungoja. Hilo, tunadhani, ndilo lililouhifadhi utulivu wake.

Ngome ingalipo, nao wenyeji waliyashinda majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840. Lakini kilichomgusa mama ni kusikia kwamba hapo misahafu ilikuwa ikinakiliwa kwa mkono. Mama hajui kusoma Kiarabu. Baba ndiye aliyemsomea miaka yote. Jioni ya tatu tulimkuta barazani, kati ya wajukuu wa mwenyeji wetu, akitamka alifu, bee, tee. Hatukumkatiza.

Siku ya kuondoka alituomba tusubiri maji ya pili. Tukasubiri.