Punje za Mahindi na Somo la Historia

Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mguu. Daktari alisema asitembee miezi mitatu. Kutoka kwetu hadi shule ni mwendo wa saa nzima. Mwalimu wake alitutembelea, akatuachia vitabu. Akasema, "Bibi, msomeshe hapa hapa nyumbani."

Mimi ni mkulima. Kusoma nilijifunzia katika madarasa ya watu wazima miaka ya 1970, mtoto akiwa mgongoni. Hesabu tulisaidiana. Kiswahili kilikuwa chepesi. Shida ilikuwa Historia. Kila akifungua kitabu hicho anapiga miayo. Nilimwuliza kwa nini. Akajibu, "Bibi, ni miaka tu. Na watu wenyewe wamekufa wote."

Jibu hilo lilinisumbua. Sisi ni watu wa Songea. Katika nchi hii yetu watu walipigana Vita vya Maji Maji. Mtoto wa Songea atachokaje na habari hiyo?

Nikatandika mkeka. Nikamwaga mahindi. Nikamwambia, "Punje moja ni mwaka mmoja. Anza mwaka 1905, panga mpaka mwaka huu. Mwaka wenye jambo kubwa weka haragwe." Alipanga akiwa amekaa, mguu ameunyoosha. Jogoo wangu alikula kama miaka 10 hivi. Tulimfukuza, tukapanga tena.

Haragwe la kwanza lilikuwa la 1905, vita vilipoanza. Vilikwisha 1907. Haragwe jingine lilikuwa la 1961, Uhuru. Jingine 2023, na hilo nitalieleza. Mtoto akahesabu. Kutoka 1907 hadi 1961 ni miaka 54. Kutoka 1961 hadi 2023 ni miaka 62. Akahesabu mara ya pili. Akasema, "Bibi! Kumbe vita viko karibu na Uhuru kuliko sisi!"

Hapo nikamwambia jambo jingine. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa vita hivyo. Alifariki mimi nikiwa msichana mkubwa. Nilikuwa nikimshika mkono kumpeleka kibarazani. "Mkono huu," nikamwambia, "ulimshika mtu aliyeviona vita. Na wewe umeushika."

Tangu siku hiyo hakupiga miayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniita. Tulifanya hivi: kwanza namsimulia, kisha anasoma kitabu aone kama kinakubaliana nami. Mtoto anapenda sana kumkamata mtu mzima.

Nilimsimulia jinsi Wajerumani walivyodai kodi ya fedha. Nilimsimulia jinsi watu walivyolazimishwa kulima pamba, huku mashamba yao ya chakula yanaota majani. Mwezi wa Julai 1905, watu wa milima ya Matumbi, huko Kilwa, waling'oa pamba ile. Kinjikitile wa Ngarambe aligawa dawa ya maji, akasema risasi zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga mwezi wa Agosti. Lakini dawa ilikuwa imekwisha safiri, na mwaka huo huo ikafika Ungoni.

Nikamwuliza, "Wewe ungeing'oa pamba?" Akafikiri sana. Akasema angeing'oa usiku.

Habari ya njaa ilikuwa ngumu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili watu washindwe kwa njaa. Maelfu kwa maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Babu alikuwa akisema walikula mizizi na majani, na watoto walikatazwa kulia kwa sababu kulia kunamaliza nguvu. Mjukuu wangu aliandika maneno hayo katika daftari lake.

Kisha akauliza, "Ukoo wetu ulikuwa upande gani?"

Kaka yangu mkubwa alikuwapo. Alinitazama kwa jicho la kunikataza. Tulipotoka nje akasema, "Usimwambie. Atakwenda kusema shuleni, watu watatucheka." Alikuwa na maana. Kaka wa babu yetu aliwafuata Wajerumani. Aliwabebea mizigo, baadaye akapewa bunduki. Hakuwa peke yake, kwani askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Lakini kwetu jambo hilo halitajwi.

Niliwaza usiku kucha. Niliona kuwa mtoto huyu amekwisha jua kwamba kipo kitu tunachokificha. Nikinyamaza, hataniuliza tena lolote. Asubuhi nikamwambia yote.

Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Alilazimishwa?" Nikamjibu, "Babu alisema alifuata chakula. Zaidi ya hapo hakusema." Akachukua haragwe moja, akaliweka pembeni kidogo ya yale mengine.

Alipoanza kutembea kwa gongo tulipanda basi kwenda makumbusho ya Maji Maji, Songea mjini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 hapo Songea, na kila mwaka mwezi huo wanakumbukwa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, aliuawa pia. Wazao wake wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wanadai kirudishwe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha. Hilo ndilo haragwe la 2023.

Sasa mjukuu wangu amerudi shule. Aliwasimulia wenzake kila kitu, hata habari ya kaka wa babu. Wawili walicheka. Mmoja akasema kwao pia yuko mtu kama huyo. Mwalimu amewaambia wote wakawaulize wazee wao.

Kaka yangu alinuna wiki mbili. Jioni moja alikuja, akaketi, akamwambia mtoto, "Lete hilo daftari." Akavaa miwani. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mstari. Mwisho akaomba kalamu. Akasema jina la kaka wa babu limeandikwa vibaya, akalisahihisha.